Goli Lake Mwenyewe

Alhamisi, 3 Aprili

Mwaka 1987 mimi Mhina nilikuwa Wembley. Fainali ya Kombe la FA, nimekaa nyuma ya goli, karibu hivi kwamba kipa akitema mate najifuta.

Nimeisoma sentensi hiyo tena na hata kalamu imeona haya. Sikuwa Wembley. Nilikuwa kambini kwetu kwenye mkonge, nimekaa juu ya robota la singa za mkonge nyuma ya korona. Nasema korona, mashine ya kukamua mkonge, siyo hii iliyotuvalisha barakoa. Ilikuwa Ramadhani, tumbo limegusana na mgongo, na mpira wenyewe sikuuona. Nani huku bara alikuwa na televisheni? Tuliusikia kwenye redio ya karani, kutoka London, kwa Kiingereza. Na Kiingereza kambi nzima alikuwa nacho mtu mmoja tu, Castory.

Castory ni mtani wangu. Mimi Mzigua wa Sindeni, yeye Mnyamwezi, ingawa Tabora hajawahi kufika; alizaliwa hapa hapa Korogwe, baba yake alikuja na manamba, vibarua wa mkonge. Aliwahi kupika kwa meneja wa shamba, ndiko alikookota Kiingereza, pamoja na vijiko kadhaa. Basi alikuwa anabandika sikio kwenye redio, anainua kidole tunyamaze, kisha anatumiminia Kiswahili. Mpira wa Uingereza wa miaka ya themanini, Liverpool yangu, Everton yake, ile timu ya Msitu wa Notingamu, wote niliuona kupitia mdomo wa Castory.

Siku hiyo walicheza Koventri na Totenamu. Redio mara inasema Totenamu, mara Sipazi, tukadhani timu ya tatu imevamia uwanja. Mbili kwa mbili. Zikaja dakika za nyongeza, uji wa futari unapoa mikononi. Ghafla redio ikapiga yowe, na Castory akaruka juu.

"Mabati! Goli lake mwenyewe!"

"Lake vipi?"

"Mzungu kasema oni goli. Lake mwenyewe! Hakupewa pasi, hakusaidiwa na mtu. Koventri tatu!"

Mtu mmoja akauliza: mbona huyo Mabati kipindi cha kwanza ulisema kafungia Totenamu? Castory hakukohoa. Akasema kule Ulaya mchezaji mzuri huazimwa, ndiyo maana zinaitwa dakika za nyongeza, timu inaongezewa mtu. Tukaamini. Mwenye njaa huamini.

Wiki ile ile tulicheza na kambi ya jirani, nikaondoka na mpira tangu katikati, nikawaacha watu wanne wamekaa chini, nikafunga. Castory akapiga kelele: "Mabati! Goli lake mwenyewe!" Tangu siku hiyo jina la Mhina limebaki kwenye kadi ya mpiga kura tu. Wageni mpaka leo wanabisha hodi kwangu kuuliza bei ya bati la geji thelathini.

Leo mjukuu wangu Hafsa, mwenye kibanda umiza cha kutazamia mpira hapa Masuguru, katangaza kwamba Jumamosi ya fainali ya FA mwezi ujao, kabla ya mechi ya jioni, ataonyesha mechi moja ya kale, na mimi nitasimama mbele kuieleza.

"Chagua mwenyewe, mume wangu," akaniambia.

Nikasema kuna ya kuchagua hapo? Ya Mabati.

Castory alikuwa kwenye benchi na kikombe chake cha chai. Akapaliwa.

Mnyamwezi hapaliwi bure.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Castory kaonekana kibandani asubuhi, mlango umeegeshwa, saa ambayo hakuna mpira unaochezwa popote. Nilimngoja nje na mwavuli wangu.

"Umefuata nini, mtani?"

"Nachaji simu."

Simu ya Castory ni kitochi. Ukiichaji Idi hii unaikuta ina moto Idi ijayo. Na anakaa Makuyuni, ambako umeme upo. Mtu atoke Makuyuni mpaka mjini, kwenye matope haya, kufuata moto wa kitochi! Nimeliweka moyoni.

Ijumaa, 11 Aprili

Castory kaleta jogoo. Mzima, mwekundu, ana miguu yake yote miwili.

Mke wangu Zamda akampokea, akamgeuza jogoo huku na huku kama anatafuta tundu. "Shemeji, kuna nini?"

"Hamna. Nimewakumbuka tu."

Jamani. Miaka yote hii Castory hajanikumbuka kwa kitu chenye damu. Alipofariki mama yangu kule Sindeni, huyu bwana alishuka kaburini, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe kuku wawili na blanketi la marehemu. Ni haki yake, ndiyo utani, na waombolezaji walicheka mpaka wakasahau kulia. Lakini kuku hutoka kwetu kwenda kwake. Mto ukianza kupanda mlima, kachungulie huko ulikotoka.

"Amekukosea," akasema Zamda alipoondoka. "Au anataka kukukosea."

Tumemla. Alikuwa mtamu, jambo lililonizidishia wasiwasi.

Jumanne, 15 Aprili

Niko Sindeni kwa palizi. Mahindi yamefika magotini, magugu yamefika kiunoni. Huku hakuna wa kumshuku isipokuwa ngedere, na yeye angalau haleti zawadi.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimerudi mjini, nimemkuta Castory ananingoja. Nayaandika haya kwa uangalifu maana ni ushahidi.

Kaniambia: "Mtani, nimefikiria. Kwa nini Hafsa asionyeshe ile fainali ya themanini na sita? Liverpool na Everton."

Nikamtazama. Fainali hiyo Everton walianza wao kufunga, kisha tukawapiga tatu. Castory ni Everton tangu siku tulipogawana timu kule kambini. Tulichagua mji mmoja makusudi ili tusikose la kutukanana. Baada ya mechi ile nilimfungia kitambaa cheusi mkononi, nikamtembeza kambi nzima nikiomba rambirambi. Leo anataka watu wa Masuguru waione tena, kwa picha, na rangi zake?

"Unataka Everton ipigwe hadharani?"

"Ni mechi nzuri tu, bwana."

"Ya Mabati je?"

"Ile... picha yake haiko safi."

"Umeiona wapi?"

Akasema mvua inakuja. Ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Paa la jikoni linavuja. Mzee Mabati ananyeshewa kwake, cheka mwenyewe.

Jumapili, 27 Aprili

Liverpool bingwa! Tano kwa moja, na waliopigwa ni Totenamu. Kibanda cha Hafsa kilitaka kung'oka. Nilikuwa nimejiandaa kwenda kumsaka Castory, maana siku kama hii hujificha. Mara ile ya nyuma tulipochukua ubingwa alilala kwa bintiye siku tatu.

Hakujificha. Alikuja mwenyewe, akanipa mkono.

"Hongera, mtani. Mmestahili."

Mmestahili! Niliuvuta mkono wangu nikahesabu vidole.

Jumatatu, 28 Aprili

Zamda kasema jambo lililoninyima raha ya ubingwa. Alikuwa anachambua mchicha, wala hakuinua macho.

"Mtu akianza kugawa kuku na hongera, anaaga."

"Anaaga kwenda wapi?"

"Kwani watu wa umri wenu huaga kwenda wapi?"

Sikula vizuri.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda Makuyuni. Bodaboda imenimwaga mara moja tu, na palipokuwa laini. Njiani nilitunga maneno ya kumwambia mgonjwa, mengine mazuri mpaka nikajililia.

Nimemkuta anapasua kuni. Kifua wazi, shoka linapanda na kushuka kama la kijana.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Mimi? Wewe ndiye umejaa tope mpaka masikioni."

Nikakaa kwenye gogo. Tukanywa maji. Kisha akaweka shoka chini, akasema bila kunitazama: "Mtani, kwani lazima iwe mechi ile?"

Hapo taa ikaniwakia. Wivu! Mechi ile ilikuwa ya mdomo wake. Alitangaza yeye, na sasa Mzigua asiye na Kiingereza ndiye atakayesimama mbele ya watu kupigiwa makofi. Nikajiona mjanja, nikajiona pia mwema, nikamwambia njoo tugawane: wewe kipindi cha kwanza, mimi cha pili na nyongeza.

"Sitaki," akasema.

"Basi chukua wewe nyongeza."

"Nimesema sitaki, Mhina!"

Kaniita Mhina. Mara ya mwisho kuniita hivyo sikumbuki. Shoka likaanza tena.

Alhamisi, 8 Mei

Kibao kipya cha kibanda kimewekwa leo. MABATI SPOTI, na chini yake, GOLI LAKE MWENYEWE. Mchoraji kanichora na kaptura. Miguu kaikosea, lakini goti ni langu.

Hafsa kanivuta pembeni. "Babu, kuna jambo. Babu Castory ananisumbua. Anataka niseme ile mechi imepotea kwenye kompyuta."

"Kwa nini?"

"Hasemi. Nikamwambia babu, kibao kimeshapanda, watu nimeshawatangazia. Akakaa hapo kwenye benchi kama kafiwa."

Sasa sina shaka. Siyo wivu wa kawaida, ni hila.

Jumamosi, 10 Mei

Tumepishana na Castory sokoni. Sikumsalimia.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Sijamsalimia.

Jumamosi, 17 Mei

Nilivaa kanzu ya Idi. Kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa kwenye makreti ya soda. Mvua juu ya bati ikawa inanisaidia kupiga makofi. Nikasimama mbele na fimbo, na kioo kikawaka.

Niseme ukweli, nilishtuka. Kumbe ndio wale! Miaka yote nilikuwa na majitu kichwani, na hawa ni vijana wembamba wenye nywele za kina mama na kaptura za kuogelea. Kipa anarudishiwa mpira na beki, anaudaka kwa mikono, anadundadunda, anatazama mbingu kama anangoja mshahara. Vijana wakaanza kuzomea.

"Babu, huu ndio mpira wenu?"

"Nyamaza wewe. Huu ulichezwa na wanaume waliokuwa wanaenda kazini Jumatatu."

Nilikuwa nabuni. Lakini walicheka, na nikapata moto. Nikaeleza goli la kwanza, la pili. Kabla ya mapumziko Mabati akafunga, na jina lake likatokea kwenye kioo. Kibanda kizima: "Mabaaati!" Nikainua fimbo.

Kijana mmoja wa benchi la mbele akasema, "Lakini mzee, huyu si wa wale weupe? Wewe ulituambia ni wa Koventri."

"Tulia. Ataazimwa."

Wakacheka tena, ingawa sikuwa nimefanya mzaha.

Castory alikuwa amesimama mlangoni, amelowa, mgongo kwenye ukuta wenye swichi kubwa. Sikumwita akae.

Zikaja dakika za nyongeza. Nikawaambia watu wasimame. Mpira ukaenda kulia, mtu wa Koventri akakimbia nao, akauinua kupiga krosi.

Giza.

Watu wakapiga kelele, wakaitukana Tanesco mpaka vizazi vyake. Kisha ndani ya giza nikasikia sauti. Sikuwa nimeisikia hivyo tangu kambini.

"Tulieni! Mpira unapigwa krosi hapo! Unapaa! Mabati kauona, Mabati anakuja! Beki chini, beki wa pili chini! Kipa anasema mama nakufa! Mabati! Goli lake mwenyewe!"

Kibanda kikalipuka kama vile kioo kinawaka. Watu wakanikumbatia, mmoja akanipa soda. Mimi mwenyewe nilisisimka mwili, nikasahau kwamba simsalimii.

Nikatoka nje kupunga hewa. Jirani ya kibanda kuna kinyozi. Mashine yake ilikuwa inanguruma, kichwa cha mteja kimefika nusu. Taa inawaka. Redio inaimba.

Tanesco gani hii inayochagua milango?

Hafsa akatoka. "Swichi imeshuka tu, babu. Nimeipandisha. Ila ile ya zamani tuiache, muda wa fainali umefika."

Nikatazama mlangoni. Castory alikuwa ameshaondoka kwenye mvua.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia Hafsa aniwekee kwenye simu yake, pale pale taa ilipozimika.

Krosi ikatoka kulia. Mabati akanyoosha mguu kuzuia. Mpira ukamgonga goti, ukapaa, ukapita juu ya kipa wake mwenyewe, ukaingia. Mabati ni Totenamu. Alikuwa Totenamu mwanzo mpaka mwisho. Hakuazimwa na mtu. Alijifunga.

Nikamwambia Hafsa arudie. Akarudia. Goti lile lile.

"Hiyo oni goli, babu," akasema taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa matokeo, "ndiyo kujifunga."

Goli lake mwenyewe, kweli. Castory hakukosea hata neno. Neno ndilo lililomkosea yeye.

Kwa hiyo kwa miaka thelathini na minane nimeitikia jina la mtu aliyejifunga. Nimeoa nalo. Nimelitundika mlangoni mwa mjukuu wangu, na picha ya goti.

Jumatatu, 19 Mei

Makuyuni tena. Sikusema hodi.

"Umejua lini?"

Castory hakuuliza nini. Alikuwa anamenya muhogo, akaendelea. "Mwaka ule ule. Meneja alikuwa akitupatia magazeti ya Kiingereza ya kufungia vitu. Nikaona picha. Nikasoma pole pole mpaka nikaelewa."

"Mwaka ule ule!"

"Ulikuwa umeshakuwa Mabati, mtani. Baba yake Zamda aliniuliza mimi, huyu Mabati anayetaka binti yangu ndiye nani? Nikamwambia ndiye yule wa lile goli. Mzee akasema basi, aje. Sasa ningerudi kumwambia nini? Kwamba nimekusifia kwa jina la mtu aliyejifunga?"

"Na baada ya hapo?"

"Kila mwaka nikasema mwakani. Halafu televisheni zikaja, nikasema sasa ataona. Hukuona. Nikashukuru." Akaweka kisu. "Kisha Hafsa akaja na kompyuta yake hii."

Nilikuwa nimekwenda na matusi mengi, nimeyapanga. Lakini lililotoka silo nililolipanga.

"Wewe siyo mtani wangu."

"Mhina..."

"Mtani gani anamhurumia Mzigua? Ulikuwa na kicheko ambacho Mnyamwezi yeyote angekifuata kwa miguu kutoka Tabora. Mzigua mzima anajiita kwa jina la aliyejifunga, anatamba nalo misibani na harusini! Na wewe ukakaa nacho tumboni. Umeninyima haki yangu. Umenifanya mtu wa kuonewa huruma."

"Nilikulindia heshima."

"Heshima wanipe wengine! Wewe nipe kicheko!"

Nikaondoka. Sikupanda bodaboda. Nimetembea kwenye tope kipande kizima cha barabara nikimlaani, mpaka nikajikuta nimechoka kulaani na nimebaki kutembea.

Jumatano, 21 Mei

Mvua. Castory haji, simu hapokei. Kitochi chake leo ndiyo kimeishiwa moto, sivyo?

Kwa kukosa la kufanya nimemwambia Hafsa aniwekee mechi nyingine za zamani, zile tulizozisikia. Nimetazama tatu. Mpira mrefu, tope, makocha waliovaa makoti kama wako msibani. Hakuna hata moja iliyofikia ile aliyotutangazia Castory. Kuna goli moja alituambia mtu aliruka juu ya mabega ya beki, akakaa hapo kidogo, akachagua kona. Nimelitazama. Mpira umemgonga bega ukaingia.

Zamda alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Kumbe mimi niliolewa na kujifunga." Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Kicheko hicho nimekipokea, ni cha mke. Lakini siyo kile.

Alhamisi, 22 Mei

Hafsa anasema vijana wawili wamemwomba jina la mechi ile, wanataka waitafute kwenye simu zao. Kaniuliza awape au asiwape. Nimemwambia asubiri mpaka Jumatatu. Kaniuliza pia kama kibao kishushwe. Nimemwambia nitamjibu Jumatatu hiyo hiyo.

Haya yanayofuata atakusomea yeye kwa simu, Castory, maana simu yake unaipokea.

Mtani, nimekushuku wivu, nikakushuku hila, nikakushuku hata kufa. Sikukushuku huruma, kwa sababu sikudhani unayo. Ulipoteremsha ile swichi ulikuwa umelowa mpaka mifupa, na mimi sikukuambia hata ukae. Jogoo alikuwa mzuri.

Lakini bado nakudai, na ninachodai ni kidogo. Wale vijana wataiona mechi, leo au kesho. Wakiniwahi, nitachekwa na watu ambao sikuwahi kuwafungia kitambaa cheusi, wala hawakuwahi kulala kaburini kwetu. Hicho sikitaki. Jumapili hii ligi inafungwa, kibanda kitajaa. Njoo mapema kabla mechi hazijaanza. Usilete kuku. Simama mbele, waambie watu wa Masuguru oni goli ni kitu gani, na Mabati ni nani. Kisha nicheke wewe kwanza, kwa sauti, mpaka ukae chini.